Ijumaa ya Sehemu ya Sita

Nyumba ya Rita pale Ruwais, Jeddah, ina choo kimoja, na siku ya Ijumaa choo hicho kina heshima kuliko sebule. Wiki nzima nyumba ile ni ya watu wawili, Rita na bwanake Nahashon, dereva, na cheti chao cha ndoa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu ili anayetaka kuuliza maswali asome kwanza. Lakini Ijumaa ikifika adhuhuri, wasichana wenye ruhusa ya kutoka huanza kuingia mmoja mmoja. Wanavua abaya zao mlangoni kama watu wanaovua wiki yenyewe, na ndani wanabaki na madera ya rangi zote na makelele ya rangi zote. Mmoja anasukwa, mwingine anasonga ugali, mwingine analia kidogo kwenye kona kisha anacheka. Rita hamfukuzi mtu. Masharti yake ni mawili tu: viatu nje, na chooni usikae.

Monicah alikuwa amekaa. Ilikuwa mara ya tatu tangu afike, na safari hii alikuwa amekalia kifuniko cha choo, akaegemeza mgongo kwenye tangi la maji, miguu juu ya ndoo, macho kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.

"Monicah!" Mlango uligongwa. "We Monicah, umeshikwa na nini huko?"

Ilikuwa sauti ya Jerusha. Angeitambua hata katikati ya soko la Kitale, maana ndiko ilikojifunzia ukubwa wake. Walikaa dawati moja shuleni, wakauza mitumba meza moja, na miaka sita iliyopita wakapanda ndege moja. Uwanja wa ndege wa Riyadh ndio uliowatenganisha: Jerusha aliitwa na kafili, mwajiri wake mdhamini, wa Sulimaniya pale pale Riyadh, Monicah akapandishwa ndege nyingine akaletwa Jeddah. Tangu siku hiyo hawakuwa wameonana. Leo Jerusha alikuwa hapa kwa sababu madam wake alikuja kumwangalia mama yake mgonjwa, na mwezi ujao Jerusha mwenyewe anarudi Kenya kabisa, tiketi ishakatwa. Hii ndiyo ilikuwa Ijumaa yao. Nyingine hapakuwa.

"Natoka!" Monicah alijibu, akageuza ukurasa.

Sasa, mtu asimhukumu upesi. Miezi miwili nyuma Rita alipokea riwaya moja kutoka nyumbani, nene kama mkate, jalada limeng'oka njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua inaitwaje wala imeandikwa na nani. Wasomaji walikuwa saba na kitabu kimoja, na kila mmoja yuko huru Ijumaa tu. Rita alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akachukua kisu cha mkate, akakikata kitabu vipande saba, kila kipande akakishona mgongoni kwa sindano na uzi wa kushonea nywele. Monicah akapata kura ya kuanza: kila Ijumaa anapokea kipande kinachofuata, na alichomaliza kinahamia kwa wenzake mkono kwa mkono. Sheria ikawa moja: kabla ya adhana ya magharibi, ulichonacho ukitoe. Ukichelewa, umewakalia wenzako sita kooni.

Monicah alikuwa na sehemu ya sita, na hakuwa ameimaliza. Wiki hiyo nyumbani kwa madam wake, kule Rawdah, kulikuwa na harusi ya binti. Alikuwa amesimama siku tano mfululizo, akipiga pasi, akiosha vikombe vya kahawa visivyokwisha. Na kule Rawdah kusoma si jambo la kufungua kitabu tu. Kamera ziko jikoni, ziko ukumbini, ziko kwenye chumba cha watoto anakolala. Siku moja madam alimkuta na sehemu ya pili, akaishika kwa vidole viwili, akawaonyesha wageni wake: jamani, shaghala wangu, huyu mfanyakazi wa ndani, anasoma! Wageni wakacheka kama watu walioambiwa paka wa nyumba ile anapiga pasi. Tangu hapo Monicah alikuwa akifunga kurasa kiunoni kwa kipande cha leso, ndani ya dera, na kusomea mahali pekee ambapo kamera haikufika. Miezi miwili ya kusomea chooni si mchezo, mwili unazoea. Leo alipofika kwa Rita na kurasa arobaini bado hazijasomwa, miguu yake ilikwenda huko yenyewe.

Na kusema kweli ya Mungu, haikuwa sheria peke yake. Bi Tabitha, mwanamke wa kitabuni, mwenye hoteli ndogo karibu na stesheni ya reli, alikuwa anaolewa Jumamosi na mkuu wa stesheni. Bwanake wa kwanza alipotelea migodini miaka kumi na tano nyuma, wakazika mgomba mahali pake kama desturi ya kwao inavyotaka. Sasa ni Alhamisi usiku, mvua inanyesha, kuna mtu anabisha hodi kwa kugonga mara tatu, na kugonga kule Bi Tabitha anakujua.

Wewe ungetoka chooni?

*

Alitoka. Jerusha alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, amenenepa vizuri, amepaka hina, amevaa dera la manjano aliloliweka miaka miwili akisubiri mahali pa kulivalia.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Kichwa tu."

"Kichwa kinapelekwa chooni?"

Sebuleni wakacheka. Jerusha akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka, akamvutia sahani. Alikuwa amebeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Riyadh, zawadi ya jirani aliyetoka likizo Kenya. Amezikaanga na nyanya, kitunguu, pilipili mbili, kama walivyokuwa wakizila nyuma ya meza ya mitumba.

"Kula. Nimezishikilia mapajani safari nzima. Madam akauliza harufu ni ya nini, nikamwambia ni dawa ya mifupa." Akageukia wengine. "Sasa niwamalizie ya Protus."

Nyumba ikasogea. Maana Jerusha akianza kusimulia, hata anayesukwa hugeuza kichwa na msusi anamfuata. Protus alikuwa askari wa mlangoni kwenye jengo moja la Sulimaniya, kijana wa Bungoma, mtanashati, ambaye alichumbia wasichana wawili wa jengo hilo hilo, ghorofa ya pili na ghorofa ya tano, kwa pete moja. Mmoja akiwa na ofu Ijumaa, mwingine Jumamosi, pete ilikuwa inapanda na kushuka ngazi.

"Kwa lifti!" Jerusha alisema. "Pete inapanda lifti kama mtu mwenye ikama, kibali chake cha kuishi mkononi!"

Walicheka mpaka Nahashon, aliyekuwa akilala chumbani, akagonga ukuta. Monicah alicheka pia, lakini kicheko chake kilikuja nyuma ya vya wengine. Chini ya dera, leso ilikuwa imelegea na kurasa zilikuwa zinateleza. Akaweka mkono tumboni kuzizuia. Tonge la ugali likabaki mkononi mwingine, halijachovya.

"Halafu siku moja," Jerusha akaendelea, sasa akimtazama yeye tu, "yule wa ghorofa ya tano kapewa ofu ya ghafla. Anashuka, anamkuta Protus mlangoni na mwenzake. Pete iko kwenye kidole cha mwenzake! Wewe Monicah, ungekuwa yule wa ghorofa ya tano, ungemfanya nini?"

"Hata kama anabisha, nisingemfungulia," alisema Monicah. "Si walishamzika."

Msusi akaacha kusuka.

"Walimzika nani?" aliuliza Jerusha.

Monicah aliinua macho. Watu wote walikuwa wakimwangalia.

"Samahani. Nimechoka tu. Ile harusi ya Rawdah imenimaliza." Akasukuma sahani polepole. Mkono ulikuwa bado tumboni. "Hebu nirudi huko kidogo."

"Tena?"

"Dakika mbili."

Jerusha aliitazama sahani. Omena zilikuwa hazijaguswa. Aliutazama ule mkono ulioshika tumbo mpaka mlango wa choo ukafungwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu saa saba mchana, akanyamaza.

*

Huko ndani Bi Tabitha alikuwa amefungua mlango. Aliyesimama mvuani alikuwa bwanake kweli, amekonda, jicho moja halioni, na kitu cha kwanza alichokisema si samahani. Aliuliza kama chakula kipo.

Monicah alisoma haraka, midomo ikitembea. Alisikia aibu pia, tusimfiche. Kila alipogeuza ukurasa alijiambia huo ni wa mwisho, nitoke, nimwangalie rafiki yangu usoni. Miaka sita amekuwa akitamani mtu wa kumwita jina lake lote. Huko kazini anaitwa kwa kofi la viganja, au kwa jina la msichana aliyemtangulia, maana madam aliona taabu kulibadilisha. Sasa mtu mwenyewe yuko nje ya mlango na omena zinapoa. Lakini akifikiri kumwambia Jerusha ukweli, anageuza ukurasa mwingine. Amwambie nini? Kwamba umekuja kilomita elfu moja, lakini nisubiri, nina mtu wangu hapa wa karatasi?

Zikabaki kurasa kumi na moja.

Alichogundua kwanza ni kwamba nyumba imekuwa kimya. Mtu akiwa amezoea kwa Rita, kimya kile kinatisha kuliko king'ora. Akafunga kurasa kiunoni, akafungua mlango.

Sebuleni wanawake wote walikuwa wamekaa kwa duara. Nahashon alikuwa ametolewa, amepelekwa kwenye gari. Katikati ya mkeka kulikuwa na sufuria kubwa ya ugali, imeoshwa, na ndani yake simu kumi, zimezimwa.

"Simu yako pia," alisema Rita taratibu, akamsogezea sufuria. "Neno lisitoke kwenye nyumba hii."

"Neno gani?"

"Kaa, mpenzi," alisema Jerusha. Macho yalikuwa mekundu. Alimfunika mabega kwa leso yake mwenyewe na kumkalisha kwenye mto kama mgonjwa. "Hatukuulizi ni ya nani. Sikilizeni ninyi wote, hakuna mtu wa kumuuliza ni ya nani. Umesikia, Stacy?"

Stacy, msichana wa Nakuru, mdogo kuliko wote, alikuwa tayari amefungua mdomo. Akaufunga.

"Ni nini ya nani?" Monicah aliuliza.

"Mimba."

Kuna maneno ambayo kwingine yanakuja na keki. Kwa msichana wa kazi ambaye karatasi zake hazina bwana, lile neno linaweza kuja na polisi.

"Mimba ya... Jerusha, wewe..."

"Usikatae. Mimi nimekujua tangu meno ya utoto. Umekwenda chooni mara nne. Omena umekataa, wewe, uliyekuwa unalamba sufuria! Unashika tumbo. Unaongea mambo ya watu waliozikwa." Jerusha alifuta pua. "Si kitu. Nimeshapanga. Kesho unamwambia madam mama yako amefariki. Hakuna madam anayemzuia mtu wa matanga, hata awe na roho ya chuma. Unaondoka wiki hii, kabla tumbo halijasema. Mshahara wangu wa mwisho utakuwa tiketi yako. Mtoto tutamlea Kitale, mimi na wewe, kwani ni nini?"

"Mama yangu yuko hai."

"Najua yuko hai. Nimempigia."

"Umempigia mama?"

"Kabla Rita hajachukua simu. Nikamweleza taratibu. Amelia kidogo, akaomba kidogo." Jerusha akashusha pumzi. "Amekubali kufa."

*

Monicah aliwatazama mmoja mmoja. Rita, ambaye alikuwa ameshaweka tangawizi jikoni. Stacy, amekumbatia magoti. Wasichana wawili wanaofanya kazi Rawdah kama yeye, ambao wangeweza kumuuza kwa madam wake kwa sentensi moja, nao wamekaa na simu zao ndani ya sufuria kwa hiari yao. Na Jerusha, aliyekuwa ametoa mshahara wake wa mwisho kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukaa.

Hakuwa na namna. Aliinuka, akapenyeza mkono kwenye dera, akafungua leso. Akaziweka kurasa juu ya mkeka, zikiwa na joto la mwili, kando ya sufuria ya simu.

"Hii ndiyo mimba yangu," alisema.

"Sehemu ya sita!" Stacy aliruka. "Rita, si nilikwambia ni yeye anayo!"

Mtu akacheka kwa pua. Mwingine akaanza. Halafu wakamwona Jerusha usoni, na kicheko kikafa.

Jerusha aliokota zile kurasa. Akazipindua, akatafuta picha, hazikuwepo.

"Ulikuwa unasoma."

"Jeru..."

"Mara nne. Mimi niko hapa nagonga mlango, nazungumza na mbao, wewe uko ndani unasoma." Sauti yake haikuwa juu. Hicho ndicho kilichowaogopesha. "Nimetoka Riyadh na mtoto wa madam anatapika magotini, masaa kumi, na kila kituo cha mafuta nasema, si kitu, mwisho wa hii barabara kuna Monicah. Nimeweka hadithi mwaka mzima! Nyingine sikumwambia mtu yeyote, nilisema hii ni ya Monicah, hii ni ya Monicah. Kumbe Monicah ana mtu wa maana zaidi." Akaziachia kurasa zikaanguka. "Afadhali ungekuwa na mimba."

Akaanza kutafuta abaya yake mlangoni. Zilikuwa kumi, zote nyeusi, kwa hiyo alizishika vibaya, akavaa ya Stacy, ikamfika magotini, akaivua kwa hasira. "Nahashon yuko wapi? Anirudishe kwa hao watu. Halas, imetosha."

Monicah alikwenda akasimama kati yake na mlango.

"Nisikilize neno moja, halafu uende."

"Sema."

"Nimekosa kukuficha. Kwa hilo nisamehe, na nitakuomba mpaka Kitale. Lakini kusoma sitaomba msamaha." Alishangaa kusikia sauti yake imesimama wima. "Jerusha, kule ninakokaa mimi ni mikono. Mikono ya kuosha, mikono ya kubeba. Nikiingia kwenye hicho choo nikafungua ukurasa, mimi ni mtu mwenye akili yake, najua mambo ambayo madam hayajui, nina watu ninaowahurumia na watu ninaowachukia. Wamenicheka mbele ya wageni kwa sababu hiyo. Sasa na wewe usinicheke."

"Sikucheka."

"Najua hukucheka."

Nje, kwenye gari, Nahashon aliwasha redio, akaizima. Rita alikohoa, akaiweka sufuria ya simu juu ya meza.

Jerusha alikuwa na kosa moja ambalo amezaliwa nalo, na Monicah alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Ukimwonyesha mlango ulio wazi nusu, hawezi kupita bila kuchungulia. Alikuwa ameshika abaya yake sasa, ile sahihi, na mkono mmoja umeshaingia. Macho yakaenda kwenye kurasa pale chini.

"Na ni nani huyo waliyemzika?" aliuliza, kama mtu asiyejali.

"Bwana wa Bi Tabitha. Lakini walizika mgomba."

"Mgomba? Kwani mwili?"

"Ulipotelea migodini. Miaka kumi na tano. Sasa amerudi, amebisha hodi usiku, na kesho kutwa mke anaolewa na mkuu wa stesheni."

Mkono wa Jerusha ulisimama ndani ya abaya. "Wacha!"

"Na amerudi na jicho moja."

"Wacha wewe! Na huyo mwanamke amemfungulia?"

"Amemfungulia. Unajua la kwanza alilosema? 'Chakula kipo?'"

"Ng'o!" Jerusha akavua abaya, akaitupa. "Chakula! Miaka kumi na tano! Na mkuu wa stesheni yuko wapi? Ana kazi ya serikali, ana nyumba? Huyu mwanamke asiniudhi. Anza mwanzo. Anzeni mwanzo, nani amesoma mwanzo?"

*

Kwanza, hata hivyo, ilibidi wamfufue mama. Rita akatoa simu moja kwenye sufuria, wakaweka sauti juu.

"Mama Fidel," Jerusha alimwambia mama yake Monicah kwa unyenyekevu, "ile habari nilikupa..."

"Nimemwambia mchungaji ajiandae kunizika," sauti ilisema kutoka Kitale. "Lakini sikumwambia ni lini."

"Mama, sina mimba," alisema Monicah. "Nilikuwa nasoma kitabu."

Kuku alisikika.

"Kitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nisife?"

"Usife, mama."

"Sawa. Nilikuwa nimeshachagua nguo." Kisha, baada ya pumzi: "Hicho kitabu ni kizuri?"

Wakacheka mpaka Rita akashika ukuta. Nahashon aliruhusiwa kurudi, akaketi mlangoni na chai, na hadithi ikaanza upya. Rita alisimulia sehemu ya kwanza, msichana wa Rawdah ya pili, na kila mmoja alivyokuwa amesoma, mpaka wakafika kwenye ile mvua, na hapo Monicah akaanza kusoma kwa sauti. Monicah hakuwa amewahi kusoma mbele ya watu tangu shule. Mwanzoni sauti ilikuwa ya chini. Baadaye ikatafuta njia, akamsemesha Bi Tabitha kwa sauti ya Kitale na mume kwa sauti ya mtu mwenye njaa, na akajiona amekaa wima, shingo ndefu, watu kumi na mmoja wakisubiri mdomo wake ufunguke.

Jerusha alimkatiza kila mstari wa tatu. Alimtukana yule mume. Alimshauri Bi Tabitha kuhusu hoteli yake, atie jina la hoteli kwenye karatasi kabla hajaolewa na yeyote. Alifafanua ukurasa mzima kwa mfano wa Protus na lifti. Hadithi zake za mwaka mzima, zile alizomwekea Monicah, zilitoka zote, moja baada ya nyingine, kila moja ikipata mahali pake pembeni mwa Bi Tabitha, na Monicah alizisikia zote, neno kwa neno, maana kidole kilikuwa kwenye mstari na hakikuwa na haraka. Omena wakazila baridi kutoka sahani moja.

Walimaliza sehemu ya sita adhana ya magharibi ikianza. Stacy alinyoosha mkono, akapewa. Rita akafungua droo, akatoa sehemu ya saba, ambayo kwa foleni ilikuwa ya Monicah.

Monicah aliishika. Ilikuwa nyembamba, labda kurasa thelathini. Akaitazama kidogo, kisha akaitia ndani ya mkoba wa Jerusha, chini ya kopo la omena lililokuwa tupu.

"Wewe!" alisema Stacy. "Sheria!"

"Sheria ni ukitoe ulichonacho kabla ya magharibi," alisema Monicah. "Nimetoa."

Jerusha alifunga zipu polepole. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kukwaruza, unajua."

"Utakwaruza. Utatusomea kwa voisi za simu, Ijumaa hadi Ijumaa."

*

Na alisoma. Ijumaa tatu mfululizo Rita alisimamisha simu kwenye glasi ili sauti ikue, na nyumba nzima ikanyamaza kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa Sulimaniya, Riyadh, amejifungia chooni na karatasi. Alikwama kwenye maneno marefu, akayarudia, akayashinda, akasema "ahaa!" kwa ushindi. Alitia maoni yake humo humo, na mara nyingine hawakujua wapi kitabu kinaishia na Jerusha anaanzia. Kila Ijumaa alisoma vizuri kuliko iliyopita. Monicah alikuwa akiwatazama wenzake usoni wakati huo, na mtu ambaye hakumjua angedhani ni mama wa mtoto anayeimba kanisani.

Voisi ya mwisho ilitoka uwanja wa ndege. Mkuu wa stesheni alikuwa amefika mlangoni kwa Bi Tabitha, amevaa suti. Mume mwenye jicho moja alikuwa mezani, anakula. Bi Tabitha alisimama kati yao, akafungua mdomo.

"Hapo ndipo ninapoishia," sauti ya Jerusha ilisema, na nyuma yake watu wakiitwa wapande ndege. "Umebaki ukurasa mmoja. Nimeuchana, naenda nao. Mimi mwenyewe sijausoma, naapa. Monicah, kontrakti yako inaisha baada ya miezi minane. Tutausoma pamoja kwenu, nyuma ya jiko. Ninyi wengine mtanisamehe."

Hawakumsamehe. Stacy alimwita majina ambayo Rita alimwambia ayafute. Nahashon aliuliza kama hakuna namna ya kumpigia mwandishi. Monicah peke yake alicheka, akacheka mpaka akatoa machozi. "Huyo ni rafiki yangu," aliwaambia, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza. "Huyo, huyo mwenye wazimu, ni wangu."

Wiki mbili baadaye alimpigia mama yake. Jerusha alikuwa amefika salama, mama alisema. Alikuja nyumbani na sukari na blanketi, wakala, wakaongea hadi jua likatua.

"Na akaniachia karatasi nikuwekee. Iko kwenye Biblia, pamoja na kitambulisho changu. Ameniambia nisiisome."

"Vizuri, mama."

"Nimeisoma."

Monicah alisimama. Alikuwa kwenye stoo ya Rawdah, vitambaa vya meza mikononi, chini ya kamera. "Mama! Usiseme! Usiseme alichagua nani!"

"Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilivaa miwani." Mama alijikohoza, kwa raha, kama mtu mwenye mali. "Ngoja, nisikilize. Mimi mtu aliniambia nife kwa ajili yako, nikakubali, sikuuliza mara mbili. Nitashindwa kunyamaza miezi minane? Maliza kazi ya watu, mama. Halafu ukuje usome."

Madam alipiga makofi mawili kutoka ukumbini. Monicah aliyasikia. Alikunja kitambaa kile vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya vingine, na ndipo akaenda.